Neno la Shukrani kwa Injinia

Mchanga ulianza kuanguka kwenye sukuma wiki yangu mwezi wa pili. Nilidhani ni ndege, nikafagia. Kesho yake ulianguka tena, pamoja na kipande cha zege chenye ukubwa wa andazi.

Ninakaa chini kabisa na binti yangu Abigail, nesi hapa ughaibuni, Bankstown. Juu yetu anakaa Déborah, mzaliwa wa Bukavu. Kila asubuhi hukaa kwenye roshani yake kumwotesha jua mtoto wake Akilimali, ambaye ana miezi saba na mashavu ya askofu. Mchanga ulitoka chini ya kiti chao, na jambo hilo lilininyima usingizi.

Nilimwambia Ephraim, mwenyekiti wa kamati ya wenye fleti. Anafanya kazi ofisini Parramatta na hupiga pasi hata jinzi.

"Shosho, jengo la miaka hamsini lazima litoe vumbi," alisema. "Hata sisi tukizeeka tunatoa vumbi."

Mimi ni bibi wa miaka sabini na sita. Nikarudi kuuzoa mchanga.

Kisha barua ikaja. Jengo letu lilikuwa limefika umri wa kukaguliwa kwa lazima, na injinia angekuja Jumamosi saa nne asubuhi, akae kwa saa mbili tu. Ephraim aliisoma mkutanoni kama anayetangaza msiba. Jengo likitajwa vibaya, alisema, hakuna atakayenunua fleti humu tena. Lakini alipofika kwenye jina la injinia, uso ukakunjuka.

"Jerotich. Huyu ni wetu."

"Wetu vipi?" akauliza Mwiti wa ghorofa ya tatu.

"Wa nyumbani. Mgeni wa nyumbani hawezi kuachwa azunguke na tochi kama mwizi. Atapokelewa."

Akaandika ratiba, na bado ninayo. Maombi ya kufungua. Kujitambulisha, kila fleti. Historia fupi ya jengo, na mwenyekiti. Wimbo. Chakula. Neno la shukrani. Ukaguzi, dakika kumi. Ukaguzi ulikuwa kwa herufi ndogo.

Wiki nzima watu walifanya kazi kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona katika jengo lile. Ildephonse, Mkongo wa ghorofa ya pili, alipaka rangi ufa wa ngazini, na ulipochungulia tena akaupaka tena. Mwiti alileta maua ya plastiki. Mimi niliombwa vitambaa vyangu vya kufuma, vikatundikwa ukutani pale mlangoni. Sikuambiwa vinafunika nini.

"Shukrani atoe Shosho," alisema Ephraim. "Hawezi kumsema mtu vibaya."

Ni kweli, siwezi.

Jerotich alifika amevaa buti na helmeti. Aliinama akanisalimia kwa mikono miwili kabla ya kuwasalimia wanakamati, nami nikaliweka moyoni. Akaomba aanze na kazi.

"Dada, utakagua jengo na njaa?" Ephraim akamwuliza. "Nyumbani wakisikia watasemaje?"

Mtoto wa watu akakaa, helmeti mapajani. Historia fupi ilichukua dakika arobaini. Kila alipotazama saa, mtu alimwongezea pilau, na pilau ilipokwisha ikaletwa sombe ya Déborah, kisamvu cha kwao. Nilipoinuka kushukuru, zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

"Sijui hotuba," nilisema. "Najua tu wema niliotendewa humu. Namshukuru Ildephonse. Mvua ikinyesha usiku anaacha kitanda chake, anatega ndoo tano ngazini ili tusiteleze. Zamani zilikuwa mbili."

Watu wakapiga makofi. Jerotich akatoa kalamu.

"Namshukuru Mwiti. Tangu sakafu yake iiname mlango wake haufungiki, lakini hajakasirika. Anasema anapenda wageni."

Makofi yakapungua.

"Shosho, muda," akanong'ona Ephraim.

"Namalizia, mwanangu. Nakushukuru na wewe. Siku ile uliyoniambia ni vumbi, jioni ulikuja taratibu ukakiondoa kiti changu chini ya roshani ya Déborah, nisije nikaangukiwa. Nilikuona dirishani. Sikupata nafasi ya kusema asante."

Ephraim aliyatazama maua ya plastiki.

"Na Déborah. Kila asubuhi kabla hajakaa na mtoto huniita bibi kwa lugha ya kwao, 'Koko, toka kidogo,' ili mchanga usinimwagikie. Mama, mchanga wako sikuutupa. Ni mali yako."

Nikatoa makopo matatu ya maziwa yaliyojaa mchanga chini ya meza. Jerotich alifungua moja, akachukua kile kipande cha zege na kukibonyeza. Kikasagika kama biskuti. Ndani mlikuwa na kutu.

Akavaa helmeti. "Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Iko na dada yangu Armelle," Déborah akasema. "Kwa roshani."

Hakuna aliyeomba ratiba ifuatwe. Aliyekimbia kwanza ni Ephraim, ngazi mbili mbili, viatu vyake vya kung'aa vikiteleza. Alirudi na Akilimali kifuani, shati limelowa mate, na Armelle nyuma yake akiuliza kuna nini. Nje, Jerotich aligonga roshani kwa chini na nyundo ndogo, mara tatu. Kipande kipana kama sinia kilianguka juu ya sukuma wiki, mahali kiti changu kilipokuwa.

Siku hiyohiyo roshani ikafungwa kwa utepe wa manjano, na Jumatatu nguzo za chuma zikasimamishwa katikati ya bustani yangu. Mafundi walikuwa vijana wenye adabu. Waliihamisha miche mmoja mmoja badala ya kuikanyaga. Sasa Déborah humleta Akilimali kuota jua huku mbele, karibu na mlango wetu.

Siku tatu Ephraim hakunisalimu. Siku ya nne alileta mbolea, na ratiba mpya. Jerotich anarudi mwezi ujao kukagua gereji la chini, ambako Wilondja, jamaa wa fleti ya saba, huegemeza mbao nyingine kwenye nguzo moja kila Jumapili isije ikaanguka, bila kuombwa na mtu.

Neno la shukrani halikuwamo.

"Safari hii tumekupa maombi ya kufungua, Shosho," alisema. "Mafupi tu. Unafumba macho, unamshukuru Mungu, basi."

Nikamwambia hilo ninaliweza.