Pumzi ya Eulalie

Eulalie alikuwa na mikono michungu. Kila mwanamke aliyemenya magome ya kinkina katika mashamba ya juu ya Bukavu alikuwa nayo, lakini yake ilizidi, maana hakuna aliyemenya kumshinda. Hata akinawa kwa majivu, binti yake Rosalie alikunja uso akilishwa tonge na mkono ule.

Magome yalishuka kiwandani yakageuzwa dawa ya malaria. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: wanaume wanaangusha mti, wanawake wanagonga shina na matawi kwa nyundo ya mbao mpaka gome lilegee, wanalivua vipande vipande, wanajaza kikapu na kukipeleka kwenye mizani. Aliyefikisha kilo za siku, ambazo wote waliziita tashi, aliandikiwa siku yake. Asiyefikisha alihesabiwa hakuja kazini, hata kama alishinda shambani tangu alfajiri mgongo umepinda.

Nchi ilikuwa imeitwa Zaire kwa miaka michache tu. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na shamba lilikuwa limechukuliwa kwa Mbelgiji likapewa patron mpya, mtu wa chama aliyekuja mara moja kwa gari na hakushuka. Lakini kule kwenye magogo, mbali na masikio ya wakubwa, Eulalie alibaki Eulalie, na jirani yake Godelive, ambaye mlango wake ulitazamana na wa kwake, alibaki Godelive.

Ndipo akaja Profesa Télesphore. Alikuwa mtoto wa katekista wa vilima vilevile, amesoma ng'ambo, amerudi na masanduku ya mashine na suruali iliyonyooka. Aliwakusanya wanawake penye kibanda cha mizani, akasema nao kwanza kwa Mashi, lugha yao ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, ili hata waliotoka Mwenga wasikie.

"Bamama, tashi yenu, nani aliikata?" aliuliza. "Mubelgiji alisimama pale, akaangalia mulima, akasema kilo fulani, basi. Hakuna mwenye alipima mutu. Miye nitapima. Nitapima moyo, nitapima pumzi, nitapima chakula munakula. Kiisha nitaandikia wakubwa wa kazi kule Kinshasa: mwanamuke wa huku, bila kuvunja mwili yake, anaweza kazi ya namuna hii. Tashi itakatwa na hesabu, haitakatwa tena na roho ya patron."

Wanawake walipiga makofi. Godelive, aliyekuwa na mimba ya kwanza kushika baada ya miaka mingi ya kungoja, alipiga vigelegele. Na ni lazima isemwe kwamba profesa alimaanisha kila neno.

Aliomba wanawake sita wa kawaida. Kapita Gaston, aliyesimamia shamba, akachagua sita wenye nguvu kuliko wote, Eulalie akiwa wa kwanza.

"Kesho patron atakuya kuangalia," aliwaambia walipokuwa wakikusanya vikapu jioni. "Mwenye atanipatisha haya, asirudi tena hapa."

Asubuhi yake profesa alimfunga Eulalie sanduku dogo mgongoni, akambana pua kwa kibanio, akamtia mpira wa bomba mdomoni. Pumzi yake yote ilipita katika bomba na kuingia sandukuni, na sanduku likaihesabu. Waya ulibandikwa chini ya ziwa, kusikiliza moyo. Patron alisimama kando chini ya mwavuli, Gaston nyuma yake.

Eulalie alianza kugonga. Mwanzoni aliona aibu, mate yakimchuruzika kidevuni kama ng'ombe. Kisha akasahau. Alisikia profesa akisema kwa Kifaransa neno ambalo lilikuwa sifa, hilo alilijua kwa sauti tu, na tangu azaliwe hakuna mtu aliyesoma aliyewahi kumsifu. Akagonga kama mtu anayeua nyoka. Gome liliruka. Wenzake watano, wakiona hivyo, wakaogopa kubaki nyuma, nao wakajikaza. Jua lilipofika kichwani alikuwa amejaza vikapu ambavyo siku nyingine vingemfikisha magharibi.

Profesa alimtoa bomba mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, akamfuta kidevu kwa leso.

"Maman, hivi njo unafanyaka kazi kila siku?"

Gaston alikuwa akimtazama. Patron alikuwa akimtazama. Lakini Eulalie alipokumbuka siku ile baadaye, hakuweza kuwasukumia lawama wao peke yao. Leso ile ilinukia sabuni, na yeye alitaka ile heshima iendelee.

"Njo vile, Papa Profesa," akasema.

Mvua zilipoanza, Gaston aliwakusanya tena penye mizani na kuwatangazia tashi mpya. Kelele zikazuka. Ilikuwa imepanda karibu nusu ya ile ya zamani.

"Musinipigie miye makelele," Gaston alisema. "Haiko miye, haiko patron. Ni siyansi. Wamechukua hesabu ya pumzi, wakaondoa kidogo kwa huruma, ikabaki hii. Na hawakupima muzungu. Walipima mwenzenu."

Vichwa vyote viligeuka.

Haikupita wiki, tashi ikapata jina. "Umefikisha Eulalie?" wanawake waliulizana njiani kurudi. "Leo nimepata nusu ya Eulalie, kesho nitatapika." Wengine walisema akiwa mbele yao na wengine akiwa nyuma. Waliomjua walifanya kusudi, na wageni waliotoka vilima vingine walidhani ni neno la Kifaransa.

Godelive hakufikisha hata mara moja. Tumbo lilikuwa kubwa, hakuweza kuinamia gogo. Alipiga magoti akigonga kwa ubavu. Eulalie alikuwa akimtupia vipande vyake kisirisiri, kikapu chake kikipungua na cha mwenzake kikijaa, mpaka siku moja Gaston akaona.

"Aha," alisema, wala hakukasirika. "Kumbe iko na ya kubakisha. Siyansi haikudanganya."

Jioni hiyo Godelive alivuka uwanja akaketi kizingitini kwa Eulalie, akinyoosha miguu iliyovimba.

"Mama Rosalie," alisema, "weye unajua siku ile haukufanya kazi kama siku zote."

"Najua."

"Basi kesho useme. Uende kwa Gaston, useme mbele ya batu: niliongopa. Bamama wote watasimama nyuma yako. Miye wa kwanza."

Eulalie alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Gaston atanifukuza."

"Atakufukuza weye peke yako. Sisi tutapona."

"Nitaenda kwa profesa mwenyewe. Ni yeye mwenye kuandika. Siku ya kupumzika nitashuka."

"Lini?"

"Yenye kuya, Godelive. Unipatie tu mpaka yenye kuya."

Jumapili ikaja, Eulalie akaenda misa, akarudi, akasema mvua ni kubwa. Jumapili ya pili alisema Rosalie ana homa, na kweli mtoto alikuwa na joto kidogo. Aliogopa uso wa profesa. Akilini alimwona akikunja ile leso, akimtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Katikati ya juma lililofuata, Godelive alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Alikuwa amebeba kikapu kwenye mteremko. Wanawake walimzunguka kwa vitenge vyao, na Eulalie alipotupa nyundo na kukimbia, mama mmoja wa makamo alimzuia kwa mkono kifuani.

"Weye rudi kwa kazi yako," alisema. "Weye njo tashi yetu."

Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia kidogo sana, kisha akanyamaza. Walimzika chini ya shamba, mahali ambapo visiki vilikuwa vimekwisha kung'olewa na udongo ulikuwa mlaini.

Kesho yake Eulalie hakwenda kazini. Alishuka mjini kwa miguu, akapita sokoni Nyawera bila kutazama kitu, akaulizia mpaka akafika kwenye ofisi ya profesa. Ilikuwa na dirisha la kuona ziwa. Profesa aliinuka alipomwona, alifurahi kweli.

"Maman Eulalie! Ingia, kaa. Unajua pumzi yako imefika Ulaya? Nimeisoma mbele ya maprofesa wakubwa, wakasimama wakapiga makofi. Wananiita niende kule."

Eulalie hakukaa. Alisema yote kwa mfululizo: kwamba Gaston aliwachagua wenye nguvu, kwamba patron alikuwapo, kwamba alijikaza kama mwenye wazimu, kwamba aliulizwa akasema ndiyo na ilikuwa uongo. Alisema tashi imepanda. Alisema mtoto wa Godelive amekufa.

Profesa aliondoa miwani, akaweka vidole machoni. 

"Miye niliandika mpaka wa mwisho," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Niliandika: zaidi ya hapa, mutu anavunjika. Wao wamechukua mpaka wakaufanya mlango."

"Basi andika tena, Papa. Andika kama niliongopa."

"Nikiandika vile, kazi yote inakufa. Haiko ya kwako peke yake. Ya myaka yangu yote." Alivaa miwani tena, na alipoivaa uso wake ulirudi kuwa wa profesa. "Tena maman, hebu tuseme kweli. Mdomo yako iliongopa, sawa. Lakini moyo haukuongopa. Moyo ulifanya ile kazi. Kama mwili uliweza siku moja, swali la siyansi ni: kwa nini hauwezi siku zingine? Pengine ni chakula. Pengine ni mimba." Akavuta karatasi. "Huyu mama mwenzako, Godelive. Mimba ilikuwa ya miezi ngapi? Alikuwa anabeba uzito gani wakati ilitoka?"

Eulalie alirudi nyuma hatua moja.

"Naomba juu ya kusaidia," profesa alisema upesi. "Hakuna mwenye amepima hii bado. Nikimupata yeye na wengine kama yeye, nitaweza kuandika kazi ya pili, na ile ya pili itawalinda. Mwambie akuye. Siku za kupimwa hakuna tashi. Na tunapatia maziwa ya unga."

Eulalie alitoka bila kuaga. Njia nzima ya kupanda aliapa kwamba maneno yale hayatapita midomo yake.

Hayakupita. Profesa aliyapeleka mwenyewe. Alipanda na gari lake, akamkuta Godelive amelala na maziwa yamejaa kifuani hayana wa kunyonya, akamweleza kwa Mashi, taratibu, kama mtoto wa nyumbani. Godelive akakubali. Hakuwa na siku hata moja iliyoandikwa mwezi ule. Kwa wiki kadhaa alipimwa damu, akapimwa uzito, akabebeshwa kikapu na sanduku akapanda na kushuka mteremko uleule. Kisha, kwa sababu alipaswa kufuatiliwa mpaka mwaka uishe na mwili wake usiharibike kabla ya hesabu kukamilika, profesa akamwomba Gaston ampe kazi nyepesi. Gaston akamweka kwenye mizani.

Eulalie alikwisha kuanza kukohoa wakati huo. Aligonga peke yake mwisho wa safu, maana hakuna aliyetaka gogo lililo jirani na lake, na mikono iliyokuwa ikiruka sasa ilinyanyuka kwa zamu, mmoja ukiungojea mwingine. Siku ya kwanza alipopungukiwa, alidhani mizani imeharibika. Gaston akamwonya: wengine wakipungukiwa wanapoteza siku tu, lakini aliyepimwa akipungukiwa anaiaibisha hesabu; bado moja, na atafukuzwa.

Siku ya pili alipanga mstari akiwa wa mwisho. Aliweka kikapu kwenye ndoano. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama chini kidogo ya alama. Kidogo kweli. Gaston alikuwa amegeuka, akiongea na dereva wa lori.

"Godelive," alinong'ona. "Weka kidole tu. Kidole moja."

Godelive alikuwa amenenepa kidogo kwa maziwa ya unga. Alitazama mshale, si Eulalie.

"Lini?" aliuliza.

"Sasa, kabla Gaston hajageuka."

"Hapana. Nakuuliza lini. Nilikuomba, ukasema yenye kuya. Ikakuya. Ukasema mvua."

"Godelive, nina mutoto."

Neno lilikwisha kutoka. Eulalie aliuma mdomo, lakini lilikwisha kutoka, likaning'inia hapo kati yao pamoja na kikapu.

"Haiyafika," Godelive alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lori. Gaston akageuka.

Walimtoa kazini Jumamosi. Profesa aliondoka kwenda Ulaya mwaka huohuo na ile kazi ya pili. Ikiwa ndani yake liliandikwa jambo la kuwalinda, halikufika mlimani, na tashi haikushuka. Eulalie hakuwa na ndugu Bukavu wa kumlisha, akaamua kumchukua Rosalie kwenda kwa kaka yake upande wa Bunyakiri, kulima mihogo.

Asubuhi ya kuondoka, alifunga nguo katika kitenge na kungoja uwanjani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mlango wa Godelive, upande wa pili, ulikuwa umefungwa, lakini moshi ulitoka. Hatimaye mtoto wa jirani mwingine alivuka akiwa amebeba sufuria ambayo Godelive aliiazima kwa Eulalie tangu kabla ya mvua. Kwenye vilima vile hakuna mwanamke aliyerudisha chombo cha mwenzake kitupu. Desturi ilikuwa kuweka ndani viazi viwili, maharage kidogo, au hata jani la sombe, mboga ya muhogo.

Eulalie alifunua kifuniko. Sufuria ilikuwa imesuguliwa vizuri kwa mchanga, ikang'aa, na haikuwa na kitu.