Waya wa Kwenye Msumari

...na hafungi waya, hafungi ng'o, hata Barafu asimame pale mlangoni mpaka aote mizizi, kiganja chake kimeshika mpini wa valvu, mpini umeshuka chini, na mafuta machafu yanatoka tumboni mwa mtambo wa amonia wa kugandishia kuku yanadondoka kwenye ndoo, meusi, mazito, tone kwa tone kama mtu anayeomba radhi kwa kulazimishwa, na kila akilegeza kidole anaisikia springi ikimsukuma, niachie nijifunge, maana ndivyo ilivyoundwa, ukiishika inafunguka, ukiiachia inajifunga yenyewe, haimtaki mtu mwenye akili nyingi, inamtaka mtu aliyepo, basi, na yeye yupo, miaka sita alikuwa hayupo popote na leo yupo... ule waya nao upo, unaning'inia kwenye msumari chini ya bango la SAFETY FIRST, umekunjwa kitanzi sawasawa na mpini, unang'aa kwa kushikwashikwa, kazi yake ni kuufunga mpini uliobonyezwa ili springi isifurukute na mshikaji aende zake, na dakika tano zilizopita Barafu, msimamizi wake, miaka kumi na minane kwenye chumba hiki cha mashine, ameunyooshea kidole, Digrii, funga huo waya uje upakie, lori limefika, kuku watayeyuka, amesema kama mtu anayeomba chumvi, naye akajibu kupitia barakoa ya gesi, sauti ikatoka ya mtu aliye ndani ya pipa, "Mzee, nichagulie kimoja. Nishike hapa, au niifunge nije kupakia. Waya, no."

Waya, no! Kwa Kiingereza na nini, siku ya mwisho ya miezi mitatu ya majaribio, mkataba uko mezani kwa meneja unangoja neno la huyuhuyu Barafu, anayeitwa hivyo kwa sababu hata kiwanda kikiungua yeye hapati joto, na sasa ana simu sikioni, feni inakula nusu ya maneno yake na nusu inamletea, "...yule wa digrii... ndiyo bosi, leo ndiyo mwisho... kichwa ngumu..." endelea mzee, mwaga mtama wote, kuku wote washibe, alishaitwa mengi, mjomba alimwita mhandisi wa rimoti mbele ya ukoo mzima kwa kuwa kitu pekee alichotengeneza tangu ahitimu ni rimoti ya televisheni ya mama, wakacheka mpaka watoto, na mama akamnong'oneza usimjibu mwanangu, mdomo wa mjomba wako ungekuwa unalipishwa kodi angekuwa bubu... na ile bahasha ya kaki yenye vyeti, ilivyochakaa kwapani, na wale watatu wa usaili, mmoja anatafuna karanga huku yeye akieleza mgandamizo wa amonia, una uzoefu wa miaka mingapi, wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, huo uzoefu angeupatia tumboni mwa mama? we will get back to you, wakasema, wote husema, na simu ikawa hailii ila kampuni ya simu ikimkumbusha kuwa kifurushi kimekwisha, mpaka akaja hapa kama kibarua wa kuosha kreti, digrii ndani ya gambuti, halafu mhudumu wa mashine akaacha kazi na yeye akainua mkono kabla hawajamaliza kuuliza.

Mkono huuhuu, unaouma sasa mpaka begani, badilisha, wa kushoto juu ya wa kulia, usiachie, hapo... na siku ya kwanza mlinzi wa getini, wanayemwita Kifua, anayepumzika mara mbili akivuka ua, alimwita pembeni akamwuliza ule waya bado upo msumarini, binti? upo, akasema ni wangu ule, niliukunja mimi mwenyewe, nikafunga, nikaenda kunywa chai, nyuma mafuta yakaisha ikatoka gesi, "Chai yenyewe sikuimaliza," akasema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi na kikohozi hakikutaka kwisha, na yeye akasimama pale anamshika mzee wa watu mgongo akijiapiza kimoyomoyo, na bado watu wakaendelea kuutumia, waya wa marehemu mtarajiwa, wanaurithishana kama kiti cha baba, kwa sababu yaliyompata Kifua yalimpata Kifua... "...hapana bosi, nimemwambia, hataki..." ndiyo, hataki, mwandikie hataki kwa wino mwekundu.

Halafu bomba linakohoa.

Mafuta yanakatika, povu, mluzi, moshi mweupe wa amonia unaruka kutoka ndooni kama paka aliyekanyagwa, na mkono umeshaachia kabla kichwa hakijajua, ta! springi imejifunga, kufumba na kufumbua, imekwisha, feni inaunyakua ule moshi inaupeleka nje, na ncha yake tu, mkia wake, unapita mlangoni ambako kuna mtu asiye na barakoa, na Barafu anashika shingo, macho yanamtoka, anarudi nyuma hatua tatu akikohoa, anakohoa kikohozi cha Kifua, cha getini kilekile... mkia tu huo mzee, hesabu mwenyewe mwili mzima, hesabu waya umefungwa na mimi niko kwenye lori napanga kuku... na yeye aliyeachia mpini anangoja, anatazama kipimo cha gesi kifuani kwake, namba zinashuka, zinashuka, sifuri, anangoja tena kidogo, kisha anabonyeza mpini chini, taratibu, na mafuta yanarudi, tone, tone, na anagundua kitu cha ajabu, kwamba hasikilizi tena simu ya Barafu inasema nini, hana haja, tangu lini hana haja? kwani ni nani atakayemwambia kama anaiweza kazi hii, si mkono umeshasema... na kwa pembe ya jicho anamwona Barafu anaingia, amejiziba pua kwa kola, hamtazami, anakwenda ukutani anautoa waya msumarini, anaunyoosha, anaukunja, anaukunja tena mpaka unakatika vipande viwili, anavitia mfukoni, anarudi mlangoni anasimama, macho kwenye ndoo, kama anavyotakiwa mtu wa pili kumwangalia mshikaji.

Viatu vya meneja vinakuja kwenye korido, anavijua, vinalia kama vinadai, na karatasi mkononi, na kalamu, anauliza yuko wapi huyo mkaidi, aje ofisini sasa hivi, asaini au aage, mojawapo, wewe unasemaje... na Barafu ananyoosha mkono kuuziba mlango.

"Asaini. Lakini subiri, bosi. Ameshika."

Subiri, bosi... na meneja anasubiri, na karatasi inasubiri, miaka sita yeye ndiye aliyezisubiri karatasi, kwenye mabenchi, kwenye ngazi, kwenye jua, na leo karatasi imesimama mlangoni imeshikwa na mtu aliyevaa tai inamsubiri yeye, na mafuta hayana haraka, tone, tone, na yeye pia hana...