Kiti cha Kushoto

Fundi wa meno ya bandia alilikagua gari asubuhi ya Jumamosi, uani kwa wakili mstaafu. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la kijani, viti viwili na paa la turubai, mojawapo ya yale ya miaka ya mwisho kabla kiwanda hakijaacha kuyatengeneza, yenye bampa nyeusi za mpira. Wajuzi huyabeza hayo. Wanataka ya zamani zaidi, yenye bampa za kung'aa. Yeye hakujali. Alilitamani gari hili tangu ujana, na sasa kipara kilikuwa kimeshabisha hodi.

Alipiga magoti, akapitisha sumaku kwenye bodi kutafuta palipozibwa kwa pati, rojo ya kujazia bati lililobonyea. Kwenye mlango wa kushoto sumaku haikushika. Ndani, upande huo, alikaa mwanamke kijana, mkoba mapajani, akitazama mbele. Fundi alimsalimu, naye akaitikia. Alidhani ni binti wa nyumba ile.

Walipokwisha kutia saini, mwanamke hakushuka. Fundi akauliza kama wamsubiri.

"Huyo anakwenda pamoja na gari," wakili alisema, akamkabidhi funguo na kumweleza kwamba gia ya tatu inataka kubembelezwa.

Njiani mwanamke alieleza kwamba alikuwa mpiga chapa wa wakili, na kwamba alifia katika kiti hicho miaka kumi na mmoja iliyopita. Fundi alimuuliza kama upepo unamsumbua. Alisema hapana.

Mke wa fundi alikuwa akingoja getini, kitambaa kichwani, tayari kwa matembezi.

"Na mimi nitakaa wapi?" aliuliza.

"Samahani, dada. Nimejaribu kushuka, siwezi."

Mke alimletea chai. Ikapoa mkononi mwake huku akisimulia. Siku aliyokufa, saa nane mchana, wakitoka kwa mteja, wakili aligonga ukingo wa daraja. Alitoka amechubuka kiwiko tu. Akamvuta mpiga chapa, akamweka nyuma ya usukani, kisha akaenda kutoa taarifa kwamba msichana wa ofisi alichukua gari bila ruhusa. Mama wa mpiga chapa alikwenda kwa wakili kuomba radhi kwa kuharibiwa gari, na wakili akaipokea radhi hiyo. Baadaye wakili alilitengeneza gari, lakini kila alipolitoa, mpiga chapa alikuwa amekaa kushoto kimya, mpaka akachoka naye.

Jumatatu fundi alimpeleka kituoni. Askari wa trafiki alitoka na daftari hadi garini, akaandika maelezo yote kwa mwandiko mzuri, pamoja na kwamba marehemu hakuwahi kujifunza kuendesha. Kisha akaomba kitambulisho. Alipokikagua, alikirudisha kwa upole.

"Hiki kilifutwa siku uliyozikwa," alisema. "Siwezi kupokea malalamiko kwa kitambulisho kilichofutwa."

Mwanamke alikirudisha mkobani. Aliomba jambo moja tu, apelekwe kwa mama yake.

Mama alikuwa akianika nguo. Alikuja mpaka mlangoni mwa gari, mikono bado ina povu, akamtazama mwanawe. Alimrekebisha kola. Kisha akamuuliza kile alichokuwa akikiuliza peke yake miaka yote hiyo.

"Kwa nini ulichukua gari la watu?"

"Sikuendesha mimi, mama."

"Nimeshakuombea radhi. Yamekwisha."

Fundi alifungua kinywa kumtetea, lakini mama alikuwa ameshageuka kwenda kuleta kiti. Alikiweka pembeni ya gari, wakazungumza habari za majirani mpaka nguo zikakauka.

Sasa fundi hulileta gari pale kila Jumamosi. Yeye na mkewe, anayekuja kwa miguu, huzunguka mtaa wakiwaachia nafasi. Wakati wa kuondoka mama hufuta vumbi kwenye kioo, huinama dirishani, na kumwambia mwanawe kwa sauti ya chini asije akagusa tena usukani wa watu.

"Sawa, mama," mwanawe hujibu.