Haraka ya Ikupa

Ikupa alikuwa amepiga magoti jikoni akikausha maji ya theluji yaliyoingia na viatu vya Gaudens, naye Gaudens amesimama juu yake akimwambia kwamba ikifika saa saba mchana asiwepo.

"Nenda hata madukani Bloomington, mama, ukazunguke. Wanunuzi wakimkuta mwenye nyumba wanaona haya, hawasemi."

Gaudens alikuwa dalali wa nyumba, kijana wa Bukoba aliyekuja Minnesota kusoma akabakia. Shikamoo haikumkauka mdomoni. Lakini habari ya kumtoa mtu kwake siku ya wageni ilimkera Ikupa tangu mwanzo. Kwao Tukuyu, mgeni akiingia na mwenyeji akatoka, majirani watauliza kuna nini.

Na leo alikuwa na jingine rohoni. Jana, kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Saint Louis Park anakofua mashuka, mwenzake Peris alilifungua tangazo la nyumba yake kwenye kompyuta ya manesi akamsomea polepole. Vyumba vitatu. Inauzwa kama ilivyo. Mauzo yanasubiri ridhaa ya benki. Mwenye nyumba ana haraka, leteni ofa yoyote. Peris akasema kwamba kwa maneno hayo hata yeye angekuja na jogoo mmoja akadai chenji.

Ikupa alikamua tambara, akasimama.

"Gaudens mwanangu. La benki nimelielewa. Hili la haraka, nani amekutuma?"

Gaudens aliitazama simu yake. Akaeleza kwamba la benki ni lazima, maana deni la nyumba ni lao, bila hilo hawafungui hata faili. La haraka aliliweka mwenyewe, kwa kuwa mwaka huu nyumba zimejaa sokoni na tangazo lisilo na haraka halifunguliwi na mtu. Mnada wa benki ni mwezi ujao. Anachotaka ni ofa, yoyote, apate cha kuwapelekea.

"Na yoyote wataikubali?"

Gaudens akairudisha simu mfukoni. Wote wawili waliijua nyumba ya Dinah, hapohapo mtaani kwa Ikupa, Inver Grove Heights. Ilitangazwa kwa maneno hayohayo, ikaletewa ofa ya chini, benki ikaikataa kwa kuwa ni ya chini, ikaipiga mnada, nayo ikaenda kwa bei ya chini kuliko ile iliyokataliwa. Dinah sasa analala sebuleni kwa dada yake, kwa sababu jina lililopita mnadani hakuna anayelipangisha chumba. Hicho ndicho alichokiogopa Ikupa. Tangu mumewe Elinaja afariki na riba ya mkopo ipande, mshahara wa kufua ulikuwa haufiki. Nyumba hakuwa na tamaa nayo tena. Alitaka iuzwe kwa bei yake, aondoke na jina safi, akapange mahali.

Saa saba gari liliposimama nje, Ikupa hakuwa Bloomington. Alikuwa ndani ya chumba cha kufulia, mlango ameurudisha, viganja juu ya mashine kana kwamba itakimbia. Akasikia Kiswahili cha Kenya. Mume na mke wakajitambulisha, manesi wote wawili, Duncan na Nkatha. Mke aliyapenda madirisha. Mume, kila chumba alichoingia, aliuliza neno lilelile.

"Hii nyumba iko na shida gani?"

Gaudens akasema haina.

"Basi mbona inauzwa hivi ilivyo? Mtu hawezi kuwa na haraka hivyo na nyumba iko sawa. Inavuja? Huko chini maji huingia?"

Gaudens akasema ataulizia. Ataulizia! Paa lile Elinaja aliliezeka upya mwenyewe na mafundi wake, kiangazi cha mwisho cha uhai wake, na Gaudens alikuwa ameambiwa.

Ikupa akafungua mlango.

"Karibuni," alisema. "Mimi ndiye mwenye nyumba."

Nkatha alishtuka, kisha akacheka, akampa mkono. Ikupa akawashusha chumba cha chini, akamwambia Duncan aushike ukuta. Duncan akaweka kiganja, akakigeuza, akakitazama. Kikavu. Akamwonyesha boila inayopasha nyumba joto, akamtajia fundi wa paa. Nkatha alikuwa amekwisha kusogea pembeni anapima kwa macho mahali pa kitanda cha mtoto.

"Mum, nikuulize," Duncan akasema. "Ni kweli uko na haraka?"

Gaudens alimkazia Ikupa macho. Neno moja tu la hapana, na bei ingekaa mahali pake. Lakini mdomo ule ulikuwa umesali asubuhi, na hakuwa na mwingine.

"Ni kweli. Lakini haraka ni yangu mimi. Paa halina haraka."

Nkatha akainamisha uso. Duncan akataja bei yake, theluthi nzima chini ya ile iliyotangazwa, akaitaja kwa adabu, kama mtu anayetoa hoja kwenye kikao cha kanisa.

"Sisi si wanyonyaji, mum. Lakini imeandikwa, kila mtu ameisoma. Nikilipa yote, mimi ndiye fala."

"Bei hiyo benki itaikataa. Halafu wataipiga mnada."

"Basi tutaingojea huko mnadani," Duncan alisema. Kisha ni kama aliyasikia maneno yake mwenyewe, akatazama viatu vyake.

Walipoondoka, Nkatha alimshika Ikupa mkono kwa mikono yake miwili.

Gaudens alikuwa amekwisha kutoa karatasi ya ofa na kalamu. Atie sahihi tu, akasema, ofa mbaya ni bora kuliko faili tupu.

"Sitii. Fungua kompyuta."

"Mama, mnada ni mwezi ujao."

"Najua ni lini. Fungua."

Akafungua, juu ya meza ya jikoni. Neno la benki halikugusika. La haraka lilifutika kwa kidole kimoja.

"Niandike nini sasa?"

"Paa jipya. Chini pakavu. Boila nzima."

Gaudens akaandika.

"Mwenye nyumba yupo."

"Hiyo si sifa ya nyumba, mama."

"Andika."

Akaandika. Ikupa alisimama nyuma ya kiti chake, hakusogea, mpaka alipoona imeingia kwenye tangazo.