Safari ya Kumkalisha Mpishi

Mke wa Mzee Breki alikuwa na desturi moja. Kila alipoingia mahali panapouzwa chakula, lazima aende kunawa mikono. Hilo lenyewe ni jambo jema, wala hakuna wa kumlaumu. Shida ni kwamba bomba lingeweza kuwa hapo hapo mlangoni, na sabuni yake na taulo lake, naye akalipita kama hajaliona na kuulizia bomba jingine. Hilo bomba jingine siku zote lilikuwa jikoni.

"Anarudi sasa hivi," Mzee Breki alisema siku ya kwanza ya safari, walipoketi kwenye mkahawa wa kando ya barabara.

"Harudi," alijibu shemeji yake. "Umeoa mkaguzi, shemeji. Agiza chai tusubiri ripoti."

Shemeji alikuwa fundi redio, mdogo wake yule mama, mwenye gari la zamani na mdomo usiozeeka. Ndiye aliyekuwa akiendesha. Mzee Breki alikuwa amefundisha udereva maisha yake yote ya kazi, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake, kwa sababu gari la mafunzo lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu, naye alikuwa haachi kuikanyaga. Hata sasa, akiwa abiria kwenye gari la mtu, kila kona ilipokaribia mguu wake ulikandamiza zulia.

Wazo la kuzunguka hifadhi za taifa lilikuwa lake. Watu walidhani anataka kuona simba. Ukweli ni kwamba simba hawakumshughulisha sana. Alichokuwa akikitafuta ni kumwona mkewe amekaa kitako, anakula chakula alichopikiwa na mtu mwingine, mpaka sahani iishe, bila kuinuka.

Mkewe alikuwa amestaafu karibuni tu. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na siku ya kumuaga shule ilifunga turubai, ikakodi wapishi na kumwekea kiti chenye utepe meza ya mbele. Mkuu wa shule alisimama akamwaga sifa mpaka jasho likamtoka. Alipogeuka ampe mkono, kiti kilikuwa kitupu. Mwenye sherehe alikuwa nyuma ya turubai, kajifunga kanga kiunoni, kashika mwiko, kwa sababu wale wapishi wa kukodiwa, kwa maneno yake mwenyewe, walikuwa wanaukoroga wali kama wanasaka pete. Mkuu wa shule hakuwa na la kufanya. Akakipongeza kiti, na watu wakakipigia makofi.

Mzee Breki alicheka pamoja na wengine, lakini kicheko hicho hakikudumu. Alijaribu kukumbuka siku hata moja, tangu amwoe, ambayo mwanamke huyu alikula sahani nzima ya kupikiwa. Hakuipata. Basi akajipiga kifua, akatangaza safari.

"Hutagusa sufuria," alimwambia. "Utakaa, utaletewa, utakula, utamaliza. Chakula kizuri, kwa bei ya mstaafu. Mimi ndiye nitakayekitafuta."

"Na wewe utakaa garini bila kukanyaga zulia?"

"Hayo ni mengine."

Asubuhi ya kuondoka alifungua buti akakuta jiko dogo la gesi limefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, na sufuria mbili kando yake. Alivirudisha ndani ya nyumba mwenyewe. Mkewe alimtazama tu, akaingia garini.

Sasa wako kwenye mkahawa wa kwanza, chai imepoa, na mkaguzi anatoka jikoni.

"Maharage yana mkono mzuri," alisema huku akivuta kiti. "Kuku msimguse. Mafuta yale yamekaanga vingi, yamechoka kuliko mimi."

Chakula kililetwa. Alikula vijiko viwili, kisha pua yake ikainuka. "Kuna kitu kinashika chini," alisema, na tayari alikuwa amesimama. Aliporudi, chakula kilikuwa kimepoa.

Siku ya pili walikuwa ndani ya hifadhi, na Mzee Breki akaona ajaribu ile hoteli ya watalii iliyoko juu ya kilima. Aliwaza hivi: mahali pakubwa vile, mlango wa jikoni utakuwa mbali. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, na mhudumu aliwaletea orodha ya vyakula ndani ya jalada la ngozi. Mzee Breki aliisoma kwa utulivu, kama mtu aliyezoea. Alipofika upande wa bei, utulivu ukamtoka.

"Hii ni bei ya kuku," mkewe aliuliza taratibu, akiwa amesogeza kichwa, "au ya banda lake?"

"Ni ya mandhari," alisema shemeji. "Kuku unapewa bure."

"Tunywe chai," alisema Mzee Breki.

"Shemeji, angalia bei ya chai kwanza."

Aliiangalia. Wakatoka wakisema wamesahau kitu garini, na mhudumu, ambaye bila shaka alishawaona wengi waliosahau kitu garini, akawafungulia mlango kwa heshima zote. Mchana ule walikula ndizi na mkate, na mkate hauhesabiwi kuwa mlo wa kupikiwa, maana hakuna aliyeuleta mezani wala meza haikuwepo. Mama mwenyewe alicheka njia nzima. Kila walipompita swala alimwuliza mumewe kama amesahau kitu garini.

Siku ya tatu walikuwa barabarani, wakielekea hifadhi ya pili. Njaa ilikuwa imewashika sawasawa Mzee Breki alipoona malori yamejipanga mbele ya kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya bluu.

"Hapa," alisema, mguu ukizama kwenye zulia. "Dereva wa lori hali chakula cha ovyo. Hapa ndipo penye chakula kizuri na bei nafuu. Mimi nawajua madereva, nimewafundisha."

Safari hii alikuwa amejipanga. Alichagua meza ya mwisho kabisa, akamketisha mkewe akiwa ameupa mgongo mlango wa jikoni. Kabla mkewe hajatamka neno, yeye mwenyewe alikwenda akaleta beseni, jagi la maji na sabuni, akainama akamnawisha pale pale kitini. Madereva waligeuza shingo kutazama.

"Umependwa, dada," alisema shemeji. "Baada ya hapo atakulisha."

Mama alijifuta mikono polepole, kidole kwa kidole. Alikaa. Alitazama dari. Alipanga vijiti vya meno. Kisha kutoka nyuma ya mgongo wake zikasikika sauti za vyombo kuanguka, na mwanamke mmoja akilalamika peke yake.

"Yuko mwenyewe huyo," alisema mama.

"Atamudu."

"Watu wote hawa?"

"Ni kazi yake. Kaa."

"Nimekaa," alisema, na kweli alikuwa amekaa, ila nusu yake tu ndiyo iliyokuwa kwenye kiti. "Nikamwulize tu kama chumvi ipo."

Akaenda kuuliza kama chumvi ipo. Mzee Breki alishika tama. Muda ukapita, madereva wakaanza kuletewa sahani zao, na kelele za kugombea zamu zikazimika moja baada ya nyingine. Mwishowe sahani zao zikaja, zimebebwa na mwenye mkahawa mwenyewe, mwanamke mnene mchangamfu aliyeonekana kama mtu aliyeokolewa majini. Wali ulikuwa umechambuka, kila punje imekaa kivyake. Kabichi ilikuwa imeiva bila kulegea. Mzee Breki alitia kijiko kimoja mdomoni, akaacha kutafuna.

Chakula kile alikuwa akikijua kuliko alivyojua sauti yake mwenyewe.

Meza ya jirani dereva mmoja aliita, "Mama, leo umepika na nani? Kila siku uwe hivi."

Shemeji alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. "Shemeji," alisema alipopata pumzi, "siku tatu barabarani, mafuta nimechoma, vumbi nimekula. Umetoka kwako ukaja mpaka huku kununua chakula cha mkeo."

"Kula."

"Nakula. Na utalipa, usisahau. Chakula kizuri, bei nafuu. Si ndicho ulichokuwa unakitafuta?"

Alilipa. Mwenye mkahawa alimpungia mama mkono mpaka gari lilipopotea, na mama alikaa kiti cha nyuma akinukia kitunguu, uso umechangamka. Baada ya mwendo kidogo akainama mbele.

"Umenuna."

"Sijanuna."

"Tumepita kona mbili hujakanyaga kitu. Umenuna."

Mzee Breki alitazama barabara. "Walikipigia kiti makofi," alisema. "Miaka yote ile, wakaja kukipongeza kiti. Nilitaka mtu akuletee wewe chakula, hata mara moja, nawe uwepo."

Shemeji alipunguza mwendo.

"Mimi nikikaa," mama alisema baadaye, "sijui mikono niiweke wapi. Ndiyo hivyo tu, baba. Si kwamba nakudharau."

Walilala kwenye nyumba ya wageni ya mji mdogo karibu na lango la hifadhi. Asubuhi shemeji alipokuwa akipima maji ya rejeta na mama akikunja nguo, Mzee Breki alitoka peke yake kwa miguu. Hakutafuta malori. Hakusoma ubao wa bei. Alipita vibanda kadhaa mpaka akamkuta mwanamke mwembamba akifunika sufuria zake, akamwamkia, kisha akamwuliza swali ambalo hakuwa amemwuliza mtu yeyote tangu safari ianze.

"Wewe mwenyewe mchana utakula nini?"

Mwanamke alimtazama kama anataniwa. "Mimi? Mimi nakula viazi na mchuzi. Hivyo siuzi, mzee, ni vya kwangu na wanangu. Wateja wanataka wali na nyama."

"Niuzie hivyo. Na vipande vya kuku, kama unavyo vya kwenu."

Alicheka, lakini alimfungia, kwenye vyombo vitatu vyenye mifuniko, kwa bei ndogo iliyomfanya Mzee Breki aulize tena. Alivibeba mpaka garini, akaviweka chini ya kiti chake. Hakuwa na mpango zaidi ya hapo, asije mtu akamsifia ujanja ambao hakuwa nao. Alikuwa amechoka tu kumbembeleza mtu akae.

Langoni askari wa hifadhi aliwaambia sheria: madirisha nusu, mwendo wa pole, na mtu asishuke garini kwa sababu yoyote mpaka kituo cha mapumziko. Waliitikia wakaingia. Walizunguka asubuhi nzima wakaona pundamilia, nyati na mgongo wa kitu ambacho shemeji alishikilia kuwa ni chui. Mchana, kwenye kona yenye vichaka, wakakuta tembo wamesimama katikati ya njia. Kundi zima, wakubwa kwa wadogo, na hawakuwa na haraka ya kwenda popote.

Shemeji alizima injini. Wakasubiri. Tumbo la mtu likanguruma, na halikuwa la tembo.

Mzee Breki akainama, akatoa vyombo, akampa kila mtu chake. Mama alifungua mfuniko wake akanusa.

"Nani kapika?"

"Mama mmoja kule mjini."

"Jiko lake uliliona?"

"Sikuliona."

"Mikono yake je?"

"Ilikuwa miwili."

Mkono wa mama ulikwenda kwenye kitasa cha mlango, kwa mazoea tu, ukakaa pale. Tembo jike aliyekuwa karibu alipeperusha masikio.

"Shuka, dada," alisema shemeji. "Ukiwaambia unakwenda kukagua jiko, watakupisha."

Mama alitazama tembo, akamtazama mumewe, akaachia kitasa. Akakiweka chombo mapajani, akaanza kula. Mzee Breki hakugeuka nyuma. Alimwangalia kwenye kioo cha juu, kwa kuibia.

"Kitunguu amekitia kabla mafuta hayajapata moto," mama alisema.

"Mwandikie barua," alisema shemeji.

"Chumvi imepungua." Akala tena. "Viazi amevipata." Akatafuna, akachota tena. "Kuku wake si mbaya. Huyu hakufundishwa na mtu, huyu anajionjea."

Tembo wa kwanza alisogea, akafuatwa na mwingine, na baada ya muda njia ikawa nyeupe. Nyuma yao gari la watalii lilipiga honi, fupi na ya adabu. Shemeji akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Subiri," alisema Mzee Breki. "Hajamaliza."

"Shemeji, wenzetu wanataka kupita."

"Wapite pembeni. Si kuna nafasi?" Akatoa mkono dirishani akawapungia watalii wapite, kama alivyokuwa akiwapungia madereva wenye haraka enzi za gari la mafunzo. Walipita wakiwatazama kwa mshangao wazee watatu wanaotazama kichaka kitupu.

Mama alikula mpaka mwisho. Aliparua mchuzi wa pembeni kwa kipande cha kiazi, akakila na hicho. Kisha akaegemea kiti, akashusha pumzi, na macho yake yakatua kwenye chombo cha mumewe, ambaye muda wote huo alikuwa hajala sawasawa kwa ajili ya kuangalia kioo.

"Hicho kipaja hukitaki?"

Kipaja kile Mzee Breki alikuwa amekihifadhi kusudi, akile mwisho. Njaa ilikuwa bado inamuuma. Alikipitisha nyuma, akamwambia shemeji awashe gari, waende polepole, maana kuna mtu anakula.