Jina la Séphora Ukutani

Delphin alikuwa na digrii ya informatique, yaani elimu ya kompyuta, na mjini Bunia hakuna aliyeruhusiwa kuisahau. Ukimwomba akutazamie simu, kwanza alikusimulia miaka aliyosoma. Kwa hiyo binamu yake Séphora alipotangaza kwamba anaolewa na Étienne, Delphin hakungoja kuombwa.

"Projection ya kanisani nitafanya miye," aliiambia familia nzima. "Mutaona kitu."

Kazi aliifanya kweli: picha za wachumba tangu utotoni, za kuonyeshwa ukutani, na pembeni ukurasa wa maandishi matupu wenye majina yao na utaratibu wa ibada. Ila kompyuta yake kuukuu haikuwa na tundu la waya wa projekta, ikabidi atumie mashine ya kanisa. Hiyo ilitolewa na muumini mmoja anayenunua dhahabu Mongbwalu, naye aliipata kwa Mchina aliyekuwa anarudi kwao. Kila neno ndani yake lilikuwa la Kichina.

Lydie, aliyeshika funguo za kanisa, alimpigia simu mapema. "Yaya Delphin, ukuje tujaribu kwanza. Hii mashine iko na kichwa nguvu."

"Lydie, mimi niko licencié, niko na digrii," Delphin alijibu. "Kichina ao Kifaransa, mashine ni mashine."

Siku ya harusi kanisa lilijaa hadi milangoni. Delphin, ndani ya suti ya kuazima, alichomeka flash yake na kufungua kazi. Mahali pa kila picha palikuwa na kiboksi cheupe chenye alama nyekundu. Hakuwa ameziingiza picha zenyewe. Aliiachia kazi anwani tu, ya mahali zilipolala kwenye mashine yake huko nyumbani. Na mashine hii ya Mchina ilikuwa haijawahi kufika kwake.

Pasta Jean-Claude aliinama sikioni mwake. "Picha iko wapi?"

"Iko mu Bureau, Pasta," alisema Delphin, akimaanisha ukurasa wa mbele wa mashine yake.

Pasta, ambaye kwake bureau ni ofisi tu, akamtuma shemasi ofisini. Shemasi alikwenda mbio, akarudi amekumbatia picha kubwa ya pasta aliyestaafu, ndani ya fremu yake.

Delphin akakimbilia ule ukurasa wa majina. Herufi zake alizihifadhi kwa namna moja, mashine ikazisoma kwa namna ya Wachina, na kila herufi yenye alama juu ikageuzwa Kichina. Ukutani, kwa ukubwa wa mlango, pakaandikwa: S茅phora na 脡tienne.

"Lugha mpya! Aleluya!" mama mmoja alipaza sauti, na nusu ya kwaya ikaitikia.

Orly, kaka wa bwana harusi, mfanyabiashara anayefuata bidhaa Guangzhou, alikaza macho. "Ile ya katikati ya Séphora naijua," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Iko ku chupa ya pombe yao ile kali."

Mama Honorine, mamake Étienne, ambaye hata bia haingii uani kwake, aligeuka polepole. "Bibi harusi yetu iko na pombe mu jina?"

Delphin akanyakua maikrofoni. "Ni virusi! Virusi ya Mongbwalu!"

Mnunuzi wa dhahabu, aliyeketi safu ya mbele, alikohoa. Delphin akabonyeza kitufe alichodhani ni cha kufunga, kumbe ni cha kusomewa maandishi, na spika zote zikatoa sauti ya mwanamke, mpole kabisa, akisoma Kichina bila kupumua.

Ni Séphora aliyeinuka, gauni na yote. "Delphin, zima. Siku gani watu walihitaji ukuta juu ya kunijua? Niko hapa."

Waya ukang'olewa, ndoa ikafungwa. Kwenye karamu kila aliyempita Delphin alimsalimu kwa Kichina, "Ni hao, licencié!" naye akala samaki wake wa Kasenyi nyuma ya hema, amewapa watu mgongo.

Jumatatu alimwomba Lydie funguo. Safari hii alizileta picha zenyewe, akaziweka folda moja na kazi yake. Ule ukurasa wa majina akauhifadhi upya, akijaribu namna moja baada ya nyingine, mpaka alama zikakaa juu ya herufi zake. Akampigia Séphora simu, naye akaja na kitenge chake cha nyumbani.

Jina lake liling'aa ukutani, halina kasoro, mbele ya viti vitupu. Delphin alisimama kando akingoja sifa.

"Iko muzuri," alisema Séphora. "Sasa unitafutie na wale watu wote, warudi kuitazama."

Akajifunga kitenge vizuri, akaenda zake sokoni.