Matumba Yasiyofunguka

Kama kuna mtu Sfax nzima anayeweza kumnusa mlaghai kabla hajafungua mdomo, ni mimi, Wajdi. Nilimaliza sekondari na alama ambazo hatutazizungumzia hapa, lakini kwa kunusa walaghai ningepewa nishani. Ndiyo maana dada yangu Raudha, alipomruhusu binti yake auze maua, alinikabidhi mimi kazi ya kumsimamia. Nani mwingine angemlinda mtoto wa miaka kumi katika mji ambao mtu hata akikusalimia anataka apunguziwe bei?

Mtoto mwenyewe anaitwa Dorsaf, na wazo lilikuwa lake. Alisimama chini ya mti wa asumini nyuma ya nyumba ya babu yake, mikono kiunoni, akanitazama kama mkaguzi wa forodha.

"Mjomba, maua yetu yanaanguka bure, halafu baba anakwenda kuyanunua barabarani. Sisi wajinga?"

Nikamwambia mama yake kwamba damu ya biashara ya Sfax imeamka.

Sasa, mashmumu, vile vishada vya asumini vya kuvaa sikioni, si maua ya kufunga ovyo ovyo tu. Unachuma matumba alasiri ya siku ile ile, yakiwa yamenona lakini bado yamefumba. Kila tumba unalichomeka kwenye ncha ya unyasi mkavu, unazifunga nyasi zako pamoja kwa uzi mwekundu, unaviringisha kishada kwenye kitambaa kibichi. Jioni mwanamume ananunua, anakiweka nyuma ya sikio, anaagiza kahawa. Upepo ukishapoa, matumba yanafunguka yenyewe pale pale sikioni, na harufu inamfuata mpaka nyumbani. Hicho ndicho alicholipia. Yasipofunguka, amejivika ufagio.

Dorsaf alikuwa anafunga, mimi nachuma, kwa sababu mti ni mrefu na una nyigu. Mwenye mkahawa wa kona, Si Lasaad, yaani Bwana Lasaad, alimpa nafasi ya kuweka kigoda chake karibu na mlango. Raudha naye akaweka sharti.

"Wateja wakianza kunijia na malalamiko, biashara imekwisha siku hiyo hiyo. Unakwenda Gabes kwa shangazi yako kujifunza kudarizi mpaka shule zifunguliwe."

Shangazi wa Gabes anawalaza watoto mchana kwa nguvu na kuwasugua masikio kwa sabuni ya kufulia. "Hawatalalamika," Dorsaf akasema.

Na siku za kwanza hawakulalamika. Wazee walikuwa wanamwita "bi mkubwa wa maua", na yeye alikuwa anawajibu bila kucheka, kama mtu mwenye maduka mawili.

Tatizo la alasiri ya Julai ni kwamba mtu mwenye akili zake amelala. Nikakumbuka masomo yangu: baridi huhifadhi. Nyama inakaa, samaki anakaa, kwa nini ua lisikae? Asubuhi moja, jua halijapanda, nikachuma kapu zima kwa mpigo, makubwa kwa madogo, ya siku zote za mbele. Nikayatia kwenye friza iliyo stoo kwa babu, chini ya mfuko wa samaki, na kila alasiri nikiamka nachota ya siku hiyo. Dorsaf sikumwambia. Watoto hawapendi maendeleo.

Jioni iliyofuata, mwalimu mstaafu mmoja akarudi na kishada mkononi.

"Binti, hili lako limelala fofofo. Nimelisubiri tangu magharibi."

Dorsaf akampa jingine. Nalo halikufunguka. Kesho yake wakarudi wengine, na matumba yameanza kuwa rangi ya chai pembeni. Si Lasaad alivua lake sikioni akaligeuzageuza.

"Nilidhani ni asumini, kumbe nimetembea na kitunguu saumu. Mtoto, nakupenda, lakini wateja wangu wananicheka. Kesho yakiwa hivi hivi, kigoda chako kirudi nyumbani."

Njiani Dorsaf hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alinishika kidole tu akaniuliza, "Mjomba, unachuma vile vile kama mwanzo?"

"Vile vile," nikasema. "Hapa pana mkono wa mtu."

Na mkono wenyewe nilishauona. Ulikuwa wa Bubaker.

Bubaker ni muuza mashmumu wa siku nyingi. Anapita kati ya meza na sinia kichwani, kishada sikioni, anatabasamu kwa kila mtu. Mtu anayetabasamu kwa kila mtu mimi simwelewi. Mtoto anakuja kuuza pale pale anapouzia yeye, naye anatabasamu? Nikaanza kumchunguza.

Ushahidi wa kwanza: alimpa Dorsaf fungu la nyasi kavu, bure. Bure! Hapa Sfax! Ushahidi wa pili: alisimama mbele ya kigoda chake, akatazama maua muda mrefu, akasema "mazuri sana", na mashallah hakusema. Labda aliisema kimoyomoyo, lakini mimi moyoni mwake sikuwemo. Wa tatu ndio ulionimaliza. Alimpa kichupa cha maji. "Nyunyizia kidogo, ami yako anakuambia, yanapenda."

Nikakinyakua kichupa. Nikanusa: maua ya mchungwa. Bila shaka, sumu ya kitaalamu lazima inukie. Kwa ajili ya sayansi nikanywa nusu, nikakaa kwenye ngazi ya jirani nikisubiri kufa. Dorsaf akakaa kando yangu.

"Mjomba, unajisikiaje?"

"Nyamaza. Naisikiliza."

"Inafanyaje?"

"Imetulia. Hizi za polepole ndizo mbaya."

Sikufa. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi: mtu huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani. Siku nzima iliyofuata nilimfuata, mimi upande wa kivuli, yeye upande wa jua. Aliingia msikitini, akatoka. Aliingia kwa kinyozi, nikajificha nyuma ya matikiti ya muuza matikiti, aliyeniuliza mara mbili kama nanunua au nayaatamia. Bubaker alipotoka alinipungia mkono. Alijuaje kuwa nipo? Nikaliongeza hilo kwenye mashtaka.

Jioni ikafika, ile ya mwisho. Dorsaf alipanga vishada vyake vizuri kuliko siku zote, uzi umekazwa, nyasi zimekatwa sawasawa. Watu wakanunua kwa huruma. Magharibi ikapita, upepo ukapoa. Kwenye sinia la Bubaker matumba yakaanza kupasuka meupe kama bisi. Ya Dorsaf yalibaki yamefumba, kijani kibichi na kahawia.

Si Lasaad akatoka akifuta mikono kwa aproni. Kabla hajasema neno, nikasimama juu ya kiti.

"Jamaa! Kabla hamjamfukuza mtoto, tazameni na sinia la jirani yake! Yake yanafunguka, yetu hayafunguki, maua ya mji mmoja, jua moja! Nani aliyempa nyasi? Nani aliyempa maji? Nani aliyetazama bila kusema mashallah?"

Mkahawa mzima ukamgeukia Bubaker. Alitua sinia mezani.

"Mimi?" akasema. "Wajdi, mwanangu, mimi nimeuza hapa tangu hujaota meno."

"Ndiyo maana unaogopa ushindani!"

Mwalimu mstaafu akasema kweli hata yeye aliliona lile jicho la husuda. Mwingine akasema Bubaker siku hizi hasalimii vizuri. Hamna kitu kinachokua haraka Sfax kama shaka juu ya mtu aliyesimama peke yake. Si Lasaad akakuna kidevu.

"Bubaker, sisemi ni wewe. Lakini kesho pitia mikahawa mingine, mpaka mambo yapoe."

Bubaker hakutabasamu tena. Alikuwa anaikunja nguo ya sinia lake.

Dorsaf akanivuta suruali. "Mjomba, shuka. Ami Bubaker ndiye aliyenifundisha fundo."

"Ndivyo wanavyoanza," nikamwambia.

Hapo ndipo Raudha alipotokea kumchukua binti yake, mkoba begani. Akatazama kiti, mimi juu yake, Bubaker na sinia lake.

"Kuna nini?"

"Kuna hujuma," nikasema. "Maua yameuliwa. Mimi nachuma kila alasiri, mabichi, yamenona, na huyu..."

"Kila alasiri?" Raudha alikunja uso. "Alasiri ipi? Alasiri unakoroma mpaka kuku wanahama. Mimi nilikuona Jumatatu asubuhi, niko juu ya paa naanika pilipili. Ulichuma kapu zima, ukatazama huku na huku kama mwizi wa mbuzi, ukaingia nalo stoo kwa babu."

Nikashuka kwenye kiti.

"Stoo hakuna kitu, mama," Dorsaf akasema polepole. "Kuna friza tu."

Dorsaf alikichukua kishada kimoja, akabonyeza tumba moja kwa kidole, kisha akanitazama, na sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu mfupi kiasi kile. Halafu akabeba kigoda chake. Hakwenda nacho nyumbani. Alikiweka kando ya sinia la Bubaker.

"Ami, usiondoke. Mama, kesho nachuma mwenyewe. Nitapanda ngazi. Yasipofunguka, nipeleke Gabes."

Raudha akamtazama Si Lasaad. Si Lasaad akatazama chini, akamvutia Bubaker kiti. "Kesho," Raudha akasema. "Siku moja tu."

Halafu akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya kushangaa kweli, si ya hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi nilinyamaza nisikutie haya, Wajdi. Nilisema alhamdulillahi, kaka yangu amepata mchumba, anampelekea maua kwa siri. Nimeshamwambia mama. Tangu jana yuko sokoni anachagua kitambaa cha harusi."